Silabi Iliyobaki Kwenye Pini

4 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Salamu hizi ni za watu wawili ingawa mwandiko ni mmoja. Baba anakusalimu. Kwa kweli hakusema kitu, aliitikia kwa kichwa nilipomuuliza, lakini kwake hiyo ni hotuba.

Hapa nyumbani pamba bado inatutawala. Chumba cha mbele kimejaa magodoro ya watu, chumba cha nyuma ndicho tunacholala, na katikati kila kitu kimeota manyoya meupe, hata chai. Kazi ya Mama ya kushona mifuko ya magodoro sasa naifanya mimi nikitoka shule. Baba anajaza pamba na kufunga kwa ile sindano ndefu. Mshono wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya mlevi. Baba aliutazama, akaufumua, akanirudishia kitambaa bila neno. Wa pili aliuacha.

Mama mdogo, nina swali. Katika barua yako ya mwezi uliopita uliandika, "Mama yako anaendelea." Mwalimu wetu wa Kiswahili anatufundisha kwamba kitenzi hicho kinataka mwenzake: mtu anaendelea vizuri, au anaendelea vibaya. Wewe uliweka nukta. Labda karatasi ilikuwa imekwisha. Naomba barua ijayo unimalizie.

Kwenye karatasi ya pili nimemwandikia Mama zaburi yetu ya mchungaji. Nimeiandika kwa kichwa kwa sababu Biblia alisafiri nayo. Alinifundisha nikiwa mdogo, nimekaa chini ya meza ya cherehani, yeye anashona na pini zake zimebanwa midomoni, na sijasahau hata neno moja. Msomee polepole, hasa mstari wa nne, ule unaotuahidi kwamba hatutapita katika bonde la mauti. Huo ndio ninaoushika. Mungu hasemi jambo akaligeuza.

Barua namkabidhi dereva wa lori la pamba. Anasema mvua ikikata barabara tusimlaumu yeye.

Mwanao,
Katibu

*

27 Februari

Kwa Katibu wa familia,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika na pamba ndani ya bahasha. Nilipiga chafya mpaka mwenye nyumba ya wageni akaniuliza kama nimeanza ugoro.

Mimi nipo. Bado napiga pasi mashuka ya wageni, nimesimama mchana kutwa, jioni miguu imeumuka kama mkate. Saa ya chakula navuka barabara nakimbilia hospitali. Wenzangu kazini wanasema nina mchumba wodini. Nawaambia ndiyo, ila anakoroma.

Dada yuko kitanda cha karibu na dirisha. Kutoka pale anaona ukuta wa jiko la hospitali na bomba la moshi. Anasema afadhali bomba kuliko sura za madaktari. Anakula kidogo. Mgongo unamsumbua, kwa maana godoro la pale ni sponji iliyochoka, ukilala unahesabu vyuma. Hebu fikiria, mke wa fundi magodoro analala juu ya vyuma! Amenikataza nisiandike hilo, kwa hiyo usimwambie kwamba nimeandika.

Zaburi nilimsomea. Unajua mimi na kanisa tunasalimiana kwa mbali, basi nilisoma kama mtu anayesoma bango la dukani. Nilipofika mstari wako wa nne, dada akacheka, halafu akajishika mbavu. Nikamuuliza, "Kuna nini cha kuchekesha kwenye bonde la mauti?" Akasema, "Pini zangu hizo." Sikumwelewa. Akataka karatasi ikae chini ya mto wake na isiguswe na mtu.

Mwambie shemeji mkono wake haujakatika, anaweza kuandika hata mstari mmoja. Dada hasemi, lakini kila nikifungua bahasha anaangalia kama kuna mwandiko wa pili.

Kuhusu lile neno lako, daktari anasema tusubiri. Nami nakuambia hivyo hivyo.

Mama mdogo wako

*

20 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mvua imetoboa paa juu ya mlango, tukahamisha magodoro yote upande mmoja, sasa wateja wanaingia kiubavu kama wanajipenyeza kwenye foleni. Jirani yetu mshonaji viatu anakusalimu. Anasema ulimwahidi kurudi kumlipa kicheko alichokuchekea. Sijui maana yake, nimeandika kama alivyosema.

Nilimsomea Baba barua yako, pamoja na lile la vyuma. Samahani, ningeliacha lingenichoma. Baba alikuwa anachambua pamba. Mkono ulisimama, halafu ukaendelea. Kesho yake niliporudi kutoka shule nilikuta amekata kitambaa kipya, kile cha mistari ya buluu alichokuwa anakiweka kwa ajili ya wateja wakubwa. Aliniambia, "Shona. Mshono uwe kwa ndani, usimguse mgongo." Nimeshona na kufumua mwenyewe kabla hajafumua yeye. Pamba ameichagua kwa vidole, akitupa kila mbegu na kila kijiti. Hajawahi kumtengenezea mtu godoro kama hili. Ni jembamba ili liingie juu ya ile sponji, na vifundo amevifunga pembeni, katikati hakuna hata kimoja. Hilo ndilo jibu lake kwa habari ya mstari mmoja. Naomba umwambie Mama hivyo, kwamba huo ndio mwandiko wa pili.

Kanisani nakwenda. Baba ana kazi nyingi siku za Jumapili.

Nimewaambia wenzangu darasani kwamba Mama atarudi muhula ukiisha. Je, nimekosea? Kama atachelewa, naomba nije mimi. Sitakula sana na ninaweza kulala sakafuni. Pia nitasema zaburi yetu mbele ya kanisa lote mwezi wa tano. Mwalimu wa watoto amenichagua kwa sababu siangalii kitabu. Nitaisema kwa ajili ya Mama.

Bado hujanimalizia kitenzi changu.

Mwanao,
Katibu

*

30 Aprili

Katibu,

Marahaba. Usinune kwa kuchelewa kwangu. Pasi iliniunguza mkono wa kulia na nilikuwa naandika kama kuku. Nimepona.

Godoro limefika. Dereva alilibeba begani mpaka mlango wa wodi, na hapo tukakutana na sista mkuu, mwanamke mwenye kiuno cha pipa na sauti ya kengele.

"Hilo linakwenda wapi?"

"Linakwenda kwa mwenyewe," nikasema.

"Hapa hatupokei vitu vya nyumbani. Vina kunguni."

"Sista, kunguni wenu wenyewe wataomba hifadhi humu."

Nilidhani atanifukuza. Akaja, akalibonyeza kwa kiganja, akabonyeza tena, akapitisha mkono kutafuta vifundo asivione. Akauliza, "Nani kashona?" Nikamwambia ni mtoto wa mgonjwa. Akageuka akaanza kuwafokea wasaidizi wake eti kwa nini wamesimama, kitanda kitandikwe. Wala hakunitazama tena.

Dada alilala siku ile mchana wote. Sijamwona akilala hivyo tangu tuje. Alipoamka akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Amekazana mtoto huyu. Hapa alifumua." Alijua, mwanangu. Nilimwambia na lile la mwandiko wa pili. Akageukia dirishani, akatazama bomba lake la moshi.

Kuja kwako, tusubiri. Chumba changu ni kidogo, nikinyoosha miguu mlango unafunguka. Na wodini watoto hawaruhusiwi. Soma kwanza. Salamu kwa shemeji, na huyo mshonaji viatu mwambie aendelee kudai.

Mama mdogo wako

*

19 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Hapa hatujambo kiafya. Paa limezibwa.

Jumapili nilisema zaburi. Niliisema vizuri, sauti haikutetemeka. Nilipomaliza mstari wa nne, mzee wa kanisa aliyekaa mbele akainua kidole.

"Rudia hapo, binti."

Nikarudia. "Nisipopita."

Akasema kwa upole, "Nijapopita."

Nikamwambia, "Hapana, babu, ni nisipopita. Mama alinifundisha."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Lakini mtoto wa muuza mkaa akapaza sauti kutoka benchi la nyuma, "Mwacheni, huyo ana njia yake ya mkato!" Shuleni sasa ndilo jina langu. Nikiingia darasani wanasema, "Mpisheni Njia ya Mkato."

Niliazima Biblia ya jirani nikaweka kidole juu ya neno. Ni kweli. Siku zote macho yangu yalikuwa yakisoma kile ambacho mdomo ulishakizoea. Nimekaa chini ya ile meza ya cherehani tena, nimekumbuka sauti ya Mama ilivyokuwa ikitoka kati ya pini. Neno lilifika kwangu likiwa na tundu katikati, nami nikaliziba kwa silabi yangu mwenyewe.

Nilimuuliza mwalimu wa Kiswahili tofauti ya maneno hayo mawili, bila kumwambia sababu. Aliandika ubaoni: "Nisipopita, sipiti. Nijapopita, hata kama ninapita." Akataka tutunge sentensi. Wenzangu waliandika, "Nijapopita sokoni, sitanunua kitu." Mimi sikuandika chochote.

Basi nimekuwa nikishika ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Kila siku nimemkumbusha neno ambalo si lake. Sijui alikuwa ananionaje.

Na ninyi mlijua. Ulisoma karatasi yangu, Mama akacheka. Ulisema hukumwelewa, Mama mdogo, lakini wewe unasoma vizuri na Biblia yetu iko hapo hapo mezani kwake. Mliniacha niombe hivyo tangu Februari.

Nami nina nililokuficha. Baba haendi kanisani tangu mlipoondoka. Niliandika kwamba ana kazi, hana. Anakaa mlangoni anachambua pamba iliyokwisha kuchambuliwa. Nilipomwomba tusali pamoja alisema, "Sali wewe. Mimi nilishasema yote." Nilidhani imani yangu itatosha watu wawili, kwa hiyo niliishika kwa nguvu. Sasa sina hakika kwamba nilikuwa nimeshika kitu.

Niambie. Mama anaendelea kwenda wapi?

Katibu

*

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina utani, utanisamehe.

Ndiyo, nilielewa. Siku ile ile niliifungua Biblia nikalinganisha. Nikataka kukuandikia, dada akanishika mkono. Alisema, "Mwache kwanza. Bado mdogo." Na mimi nilifurahi kunyamaza, kwa sababu kukusahihisha neno hilo ilikuwa sawa na kukuambia habari nzima.

Habari nzima ni hii. Daktari alituita mwezi wa pili, kabla barua yako haijafika. Uvimbe umeshafika kwenye ini na hawana la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Aliposema tusubiri, hakuwa na maana ya kusubiri kupona. Dada alinikataza kukuambia, na alimwandikia shemeji peke yake. Barua hiyo ilikwenda na dereva. Kwa hiyo baba yako anajua, mwanangu. Amejua siku zote hizo anazochambua pamba. Usimkasirikie kwa kunyamaza, alikatazwa kama mimi, na yeye hana ulimi wa kuzungukia mambo kama nilionao.

Barua yako ya mwisho nilimsomea yote, hata ile ya njia ya mkato. Nilitaka kuruka, akanigundua, maana siku hizi anafumba macho lakini masikio yako wazi. Alilia. Halafu akaniambia niandike, nami naandika kama alivyosema, akipumzika katikati:

"Mwambie sikumfundisha vibaya kwa kusudi, nilikuwa nashona. Mwambie kwamba Mungu hakukasirika kukumbushwa neno lililokosewa, anajua pini zangu. Mimi pia nililipenda neno la mwanangu kuliko lililoandikwa. Nilimwomba Mungu hivyo hivyo, nisipite. Lakini napita. Mwambie atazame mwanzo wa zaburi, mtu anasema mchungaji amenifanyia hiki, amenipeleka pale. Anamsimulia tu. Akifika bondeni anamwambia, 'Wewe.' Humo ndimo anamoacha kumsimulia Mungu na kuanza kusema naye. Mwambie ni kweli, nimeona. Na mwambie naogopa pia, asije akadhani mama yake ni jiwe."

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu tu. Nilitoka nje nikasimama chini ya lile bomba la moshi, nikajaribu kusema hilo neno moja, "Wewe." Sikuendelea zaidi. Lakini nililisema.

Sista mkuu amesema watoto hawaruhusiwi, ila mtu aliyeshona godoro lile si mtoto. Njoo na baba yako kwa lori hilo hilo. Usisubiri barua nyingine.

Mama mdogo wako

*

11 Agosti

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama. Dereva hakuwasha redio njia nzima, jambo ambalo hajawahi kufanya. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa muda mrefu, pamba imetua juu ya kila kitu. Jirani mshonaji viatu aliufagia mlango wetu kabla hatujashuka. Anakusalimu na safari hii hakudai kitu.

Nimerudi shule. Mtoto wa muuza mkaa alinipa pole, halafu hakujua aniite nani, akaishia kuniita "wewe." Nilitaka kucheka.

Yale tuliyoyaona pamoja siyarudii. Lakini kuna asubuhi moja ambayo wewe ulikuwa kazini, na sikukusimulia. Baba alikuwa amekaa miguuni, amemshika Mama nyayo. Mama akaniambia, "Sema." Nikaanza. Nilipofika mstari wa nne nikanyamaza. Nilikuwa nalijua neno, lakini kulisema mbele yake kulikuwa kama kumfungulia mlango. Mama alisubiri. Baba naye alisubiri, aliangalia sakafu. Mwishowe Mama akalala, na hakuniambia tena niseme. Siku iliyofuata ndiyo ile unayoijua. Alitaka kusikia neno moja na sikumpa.

Ulishangaa kwa nini Baba alibaki wodini kutwa nzima kabla hatujaondoka. Alikuwa amefumua godoro la Mama. Aliianika ile pamba uani juani, akaichambua upya, akashona akiwa amekaa chini kwenye saruji, na sista mkuu akimletea maji. Halafu akalitandika kwenye kitanda cha pili, kwa yule bibi mwenye mguu mbovu. Nilidhani angetaka kuja nalo nyumbani. Nilipomuuliza alisema, "Yule naye ana mgongo."

Kanisani hajaenda bado. Simsukumi.

Sasa nikusimulie la juzi, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tulikuwa na godoro la kumaliza, mimi upande huu na Baba upande ule. Nilikuwa napindia ukingo wa mfuko, pini nimezibana midomoni kama Mama. Sikukusudia, lakini mikono ilipoanza kwenda na mdomo ukaanza. Nikawa naisema zaburi kwa kunong'ona, na maneno yalitoka kama yalivyokuwa yakitoka kwake, yamechanikachanika. Nikafika pale. Nikasema "ni," nikakwama. Sindano ya Baba nayo ikasimama.

Nilidhani atainuka aende nje. Hakuinua hata kichwa.

"Ja," akasema.

Nikamtazama. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajaitumia kwa muda mrefu.

"Nijapopita," Baba akasema tena. "Lakini toa kwanza hizo pini, mwanangu. Mama yako nilimwambia miaka yote, hakusikia."

Nikazitoa, nikazimimina kwenye kiganja chake. Nikalisema neno, na yeye akalisema, kila mtu upande wake wa godoro. Tukaendelea.

Mama mdogo, watu wa wodini na wenzako wa kwenye pasi wakikuuliza habari zetu, usiwatafutie neno la kuongezea. Waambie tunaendelea, uweke nukta.

Mwanao,
Katibu